Aliyekanyaga Pedali Nilikuwa Mimi

Njoroge tulimzika Subukia Jumamosi iliyopita, na mpaka leo hasira haijanitoka. Si hasira ya msiba. Mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye, akaona mpaka vitukuu, tunamlilia kidogo kisha tunamshukuru Mungu. Hasira yangu ni ya maneno niliyoyasikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya tenti, soda mkononi. Mheshimiwa mmoja, ambaye baba yake alikuwa hata hajaota ndevu mambo haya yakitokea, alishika maikrofoni akatuambia kwamba tunamzika shujaa. Akasema huyu mzee, wakati wa Hali ya Hatari, alizikata breki za gari la mkoloni kwa mikono yake mwenyewe. Tenti nzima ikapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na mjukuu wake mkubwa akasimama kuwapungia watu mkono. Ebo! Ilibaki kidogo tu niirushe ile soda. Njoroge hakukata breki ya mtu yeyote. Njoroge alizitengeneza. Na ninajua vizuri, kwa sababu siku alipokuwa chini ya lile gari akizitengeneza, mguu uliokuwa juu ya pedali ulikuwa huu wangu wa kulia, huu ambao siku hizi unanisumbua nikipanda ngazi za kanisa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Maragoli kufuata kazi, nikaipata kwenye shamba la mzungu mmoja bondeni Subukia. Asubuhi nilikuwa jikoni, na mchana nilikuwa kwenye nyumba ya maziwa. Chumba kile bado nakiona. Sakafu ya simenti iliyokuwa baridi hata jua likiwa kali, dirisha moja lenye wavu, ile harufu ya maziwa ambayo huwezi kuitoa nguoni hata ufue vipi, na katikati ile mashine ya krimu ambayo niliizungusha kwa mkono mpaka bega likalia. Krimu ilipelekwa Nakuru. Maziwa yaliyobaki, meupe na mepesi kama maji ya mchele, yalikuwa ya nguruwe, na yaliyobaki baada ya nguruwe ndiyo yetu. Sitii chumvi. Nguruwe kwanza, halafu sisi na foleni yetu ya vikopo. Juu ya rafu ya dirisha ilikaa chupa ya mafuta ya hiyo mashine, mafuta mepesi yanayong'aa, na kila siku kabla ya kuanza kazi nilitia matone machache. Naomba uikumbuke chupa hiyo.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Funguo. Jina lake halisi sitaki kulitia mdomoni. Alitembea na funguo kiunoni zikilia kama kengele ya mbuzi, na mwaka ule zilizidi, maana alikuwa ameingiwa na hofu. Alifungia sukari, alifungia chumvi, alifungia shoka. Wakikuyu wa shamba lile karibu wote walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, hata waliozaliwa papo hapo Subukia na wasiokujua huko kwingine. Njoroge alibakizwa kwa sababu moja tu, kwamba yeye ndiye aliyeyaelewa matrekta, na bila trekta mahindi hayapandwi. Alibakizwa, lakini hakuaminiwa. Alikuwa akitakiwa kuonyesha karatasi zake hata akienda mtoni kuoga. Fikiria mtu anakukabidhi gari linalobeba maisha yake, halafu hakuamini hata na sabuni.

Basi siku moja Bwana Funguo akarudi kutoka Nakuru amefura. Pedali ya breki ya pikapu yake ilikuwa laini. Ukiikanyaga inazama karibu na sakafu kabla gari halijashika. Njoroge akajaribu, akasema ni kama kukanyaga ugali ambao haujaiva. Akafikiria kuna upepo umeingia kwenye mapaipu ya mafuta, na kazi ya kutoa upepo inataka watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja kwenye pedali. Mwenzake aliyezoea kumkanyagia alikuwa amepandishwa lori wiki iliyotangulia. Kwa hiyo akaja kwenye mlango wa nyumba ya maziwa, kofia mkononi, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada Rasoa, uko na miguu?" Nikamwambia niko nayo miwili. "Basi niazime mmoja," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye gari la mzungu kwa mara ya kwanza maishani, nikakaa kwenye kiti chake cha ngozi kilichonuka mbwa na tumbaku, huku Bwana Funguo mwenyewe akisimama kando na kikopo cha mafuta ya breki, kwa maana hicho nacho alikifungia ofisini na hakukubali mwafrika akishike.

Njoroge alinifundisha maneno matatu. Kanyaga. Shikilia. Achilia. Akisema kanyaga, naisukuma pedali mara kadhaa mpaka ipande. Akisema shikilia, naibana na mguu nisipumue, naye kule chini analegeza kijiti kidogo cha chuma kwenye gurudumu, mafuta yanatoka yakichemka povu la upepo, na pedali inazama chini ya mguu wangu. Anakaza, anasema achilia. Tena na tena, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka povu likaisha na pedali ikawa ngumu. Nilijisikia mtu wa maana sana. Asubuhi yake pedali ikawa laini tena. Njoroge akakuna kichwa, akasema labda upepo unaingilia kwenye kiungo cha paipu ya mbele, akakaza viungo vyote, tukarudia kazi ile yote. Ikawa laini tena. Sitampamba kwa sababu amekufa: alikosea, na akasema amekosea, mbele ya Bwana Funguo aliyekuwa akibwata kwamba anapotezewa mafuta. Mara ya tatu akafungua magurudumu yote manne, na ndani ya lile la nyuma la kushoto akakuta kumelowa. Raba ndogo iliyo ndani ya silinda ilikuwa imekwisha, ikivujisha mafuta kidogo kidogo ndani ambako huwezi kuona ukiwa nje. Akaomba raba mpya. Bwana akanuna, lakini akazileta kutoka Nakuru.

Mchana ule tukisubiri, mke wake Nyambura alituletea viazi vya kuchemsha na mboga ya majani ya kahurura, mtoto mgongoni, tukala tumekaa juu ya magurudumu ya trekta mle ndani ya banda. Mimi Mluhya na wao Wakikuyu, hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja ila hiki Kiswahili chetu cha shambani. Nyambura ndiye aliyeanza uchokozi. Akamwambia mumewe kwamba watu wengine wako msituni wanapigana na yeye yuko chini ya gari la mzungu anamtengenezea asianguke. Alisema akicheka, lakini si mzaha mtupu. Njoroge alitafuna kwanza akamaliza. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Mama, gari ikikosa breki haichagui. Itamwacha mzungu, itaua mtoto wako amesimama kando ya barabara. Mimi kitu cha kuharibu gari sifanyi." Nyambura akamwongezea kiazi.

Raba mpya zikatiwa, upepo ukatolewa upya magurudumu yote, na safari hii pedali ikasimama juu, ngumu kama nimekanyaga kizingiti cha mlango. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi nikakanyaga, ngumu. Njoroge akakanyaga, ngumu. Na Bwana Funguo mwenyewe akaingia, akakanyaga na kiatu chake kikubwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwa Kiingereza kwamba kazi ni nzuri. Nililisikia neno lile kwa masikio yangu haya. Njoroge akamwomba jambo moja tu, kwamba baada ya siku chache amruhusu aangalie kama mafuta yameshuka, maana raba mpya huhitaji kuangaliwa.

Hapo ndipo alipokuja kula chakula cha jioni rafiki mmoja wa Bwana Funguo kutoka Ndabibi. Mimi nilikuwa nikipitisha supu. Wazungu wale walidhani mtu anayebeba sahani hana masikio, na mimi nilikuwa nimesoma misheni, Kiingereza kilikuwa kinaniingia vizuri kuliko walivyojua. Yule mgeni alikuwa akisimulia habari za mashamba ya huku na kule, habari ambazo kila aliyezisimulia alikuwa amezisikia kwa mwingine, kwamba Wakikuyu sasa wanaingia chini ya magari na kulegeza breki. Memsahibu, mke wa bwana, akaweka kijiko chini. Bwana Funguo akasema kwamba Mkikuyu wake alikuwa chini ya pikapu wiki nzima. Wakatazamana. Supu ilipoa, na mimi nikasimama pale na bakuli langu nikiona mtu anahukumiwa katikati ya supu na nyama. Kesho yake asubuhi Njoroge akaambiwa asiisogelee ile pikapu tena, hata kuiosha.

Siku chache baadaye Bwana Funguo akakumbuka yale mambo ya mafuta. Lakini kile kikopo cha breki kilikuwa kimekwisha, tulikitumia wakati wa kutoa upepo. Kumwuliza Njoroge hakutaka. Basi akaja kwenye nyumba yangu ya maziwa, funguo zikilia, akanyoosha mkono juu ya rafu ya dirisha na kuichukua chupa ya mafuta ya mashine ya krimu. Nikamwambia, "Bwana, hiyo ni ya mashine." Akanijibu bila kugeuka, "Mafuta ni mafuta." Alitoka nayo, nikamwona kupitia kwenye wavu amefungua boneti anaimimina. Alipomaliza akairudisha, imepungua nusu, hata hakuipangusa.

Njoroge aliniambia baadaye, miaka mingi baadaye, kwamba mafuta ya namna ile yakigusa raba za breki zinavimba na kulainika mpaka zinakuwa kama mkate uliolowa chai. Wakati ule sikulijua hilo. Nilichojua ni nilichoona, na nilimwambia jioni ile ile tulipokutana bombani. Uso wake ulibadilika. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa bwana, akasimama chini ya ngazi za veranda, akaomba akae na ile gari usiku mmoja tu asafishe mapaipu ya breki. Bwana Funguo hakumwacha amalize. Alimwambia akimwona karibu na pikapu atampiga risasi. Kuanzia hapo tukawa tunamsikia bwana akitoka kila asubuhi akiikanyaga pedali mara tatu mara nne kabla ya kufika langoni, pu, pu, pu, na Njoroge akiwa kwenye trekta anafumba macho. Alijua. Na mimi, kwa kuuona uso wake, nilijua. Na mwenye gari naye alikuwa anaisikia chini ya mguu wake mwenyewe, lakini alikuwa radhi kuanguka kuliko kumwomba Mkikuyu.

Akaanguka. Alikuwa anarudi kutoka Nakuru mchana kweupe, na pale barabara inapoteremka kuingia bondeni Subukia pedali ikazama yote, gari likashindwa kukata kona, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Alivunjika mkono na mfupa wa bega. Namshukuru Mungu hakuna mtu aliyekuwa akitembea kando ya barabara. Walimleta nyumbani amefungwa mkono kifuani, na kabla hata hajanywa chai alikuwa ameshataja jina la Njoroge.

Afisa wa polisi alikuja kesho yake na askari wake, wakatuita kwenye veranda. Njoroge alikuwa ameketishwa chini ukutani, mikono nyuma. Sikungoja kuulizwa. Nilisogea mbele na aproni yangu, nikasema kila kitu, kuanzia pedali laini hadi ile chupa. Afisa akaniuliza kama ni kweli nilimwona Njoroge chini ya gari. Nikasema ndiyo, nilikuwa ndani nikikanyaga breki, na ilikuwa ngumu, na bwana mwenyewe aliikanyaga akasifu. Afisa akamgeukia Bwana Funguo. Bwana Funguo akatazama mkono wake uliofungwa, akasema hakumbuki hivyo. Hakumbuki! Habari ya mafuta akasema hawa wasichana wa jikoni wanapenda hadithi. Nikakimbia nikaileta chupa yenyewe, imebaki nusu, nikamwekea afisa mezani. Memsahibu akaichukua, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa nirudi jikoni, maziwa yanaungua. Hapakuwa na maziwa motoni. Kwa hiyo katika yote niliyosema, walitaka jambo moja tu, kwamba Njoroge alikuwa chini ya gari. Niliwapa ukweli mzima wakachukua kipande, na kwa kipande hicho wakamfunga mtu.

Walimpandisha nyuma ya gari la polisi. Alinitazama mara moja, si kwa lawama, kama mtu anayetaka kuhakikisha umeshika ufunguo vizuri kabla hajaondoka. Kabla ya wiki kwisha Nyambura na mtoto wakapakiwa kwenye lori la kwenda Kiambu, mahali ambapo yeye hakuwa na hata jiwe la kukalia. Kuku wake wakabaki wakizunguka mlangoni, na nyapara wa shamba akawachinja. Mimi nilifukuzwa mwisho wa mwezi. Na Bwana Funguo, mkono ulipopona, alinunua pikapu nyingine.

Nimeishi mtaa wa Bondeni hapa Nakuru karibu maisha yangu yote tangu hapo. Niliolewa na mtu wa reli, nikazaa, nikazika mume. Siku moja, Uhuru ukiwa umeshanukia, nikitoka sokoni nikamsikia mtu akisema, "Kanyaga. Shikilia. Achilia." Nikasimama na kikapu changu. Alikuwa Njoroge, amekonda, meno mawili hayapo, chini ya gari la mtu kwenye kiwanja kidogo karibu na kwetu. Alifanya kazi pale mpaka uzee ukamrudisha Subukia kwenye shamba dogo alilonunua na wenzake. Na katika miaka hiyo yote alikuwa na desturi moja ambayo wateja waliicheka. Ukileta gari la breki, huondoki nalo hivi hivi. Atakuita wewe mwenyewe uingie, ukanyage, useme kwa sauti imekuwa ngumu, na atamwita mpita njia yeyote aje asikie. Mara nyingi mpita njia alikuwa mimi. Watu walidhani ni maringo ya fundi. Mimi nilikuwa nasimama pale na sukuma wiki zangu mkononi na machozi yananilenga.

Hakupenda kusimulia mambo ya kizuizini, kule polisi walikompeleka. Mara moja tu, tukinywa chai Nyambura akiwepo, alisema kwamba kule kutoka kulikuwa rahisi ukikiri. Kiapo cha watu wa msituni alikuwa amekula, hilo alilikubali siku ya kwanza wala hakulionea haya, alisema alikula kwa sababu ya ardhi na angekula tena. Lakini walimtaka akiri pia kwamba aliziharibu breki. Kila mara alipofikishwa mezani kwa maafisa waliuliza kuhusu breki, na wenzake waliokuwa wamekiri mambo mazito kuliko hilo walikuwa wanaenda nyumbani. Walimpiga kwa ajili ya breki. Wale wenzake nao walimwambia, we sema tu, ni neno tu, uende ukamwone mtoto. "Sikuweza, Rasoa," akaniambia. "Hiyo ndiyo kitu sikufanya." Yule mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Nyambura siku ya viazi alikufa kwa ugonjwa kule Kiambu, baba yake akiwa bado anakataa kusema neno moja.

Sasa unaelewa kwa nini nilitaka kuirusha ile soda. Lile neno alilolikataa kwa mapigo, lile lililomgharimu mtoto, Mheshimiwa amelikiri kwa niaba yake mbele ya jeneza lake, na watu wakapiga makofi. Wakoloni walimwita mharibifu wakamfunga. Sisi tumemwita mharibifu tukampigia vigelegele. Kuna tofauti gani? Nikamwendea Nyambura pale mbele alipoketi na blanketi magotini. Masikio yake yamechoka, lakini maneno ya Mheshimiwa alikuwa ameyasikia. Alinishika mkono, vidole vimekauka kama kuni, akasema, "Wewe ndiye ulikuwa ndani ya gari. Enda uwaambie."

Kijana wa kuendesha programu aliniambia, "Shosho, watu wa kuongea wameisha." Nikamwambia mimi sijaisha, nikaichukua maikrofoni. Mjukuu akanifuata akininong'oneza kwamba Mheshimiwa bado yupo, kwamba hiyo hadithi inaipa familia heshima. Niliwaambia watu wale kila kitu, raba, chupa, supu, veranda. Nilisema kama mnataka shujaa, huyu hapa, mtu aliyekataa kununua uhuru wake kwa uongo mdogo. Nikasema, "Breki ya Njoroge niliikanyaga mimi. Ilikuwa ngumu. Mtu asiwadanganye." Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa alikuwa anatazama simu yake. Mtu mmoja nyuma akakohoa, na mchungaji akaanza kutafuta ukurasa.

Nilirudi kuketi. Nyambura akanisogezea sikio.

"Umewaambia ilikuwa ngumu?"

"Nimewaambia."

"Basi," akasema, "sasa wamfukie."